Pikipiki Inayogoma Alfajiri na Kuwaka Adhuhuri

Mafundi wa pikipiki wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi mpaka Michamvi, wanalijua lalamiko moja kuliko mengine yote. Chombo kimegoma kuwaka alfajiri, kimesukumwa mpaka gereji, na kilipofika mbele ya fundi kikawaka kwa mguso wa kwanza wa selfu. Mwenye chombo anaona haya, fundi hana pa kushika, na mwisho wake wanakubaliana kununua kitu ili ionekane kazi imefanyika: plagi leo, betri wiki ijayo, baadaye CDI (kisanduku kinachoamrisha cheche ya plagi), baadaye koili. Kijiji cha Bwejuu kwenye pwani hiyo kiko takriban kilomita 50 kutoka maduka makubwa ya vipuri ya mjini, kwa hiyo kila kifaa kinachonunuliwa kwa kubahatisha kina nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea. Dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu jioni anaumia mara mbili. Hoja ya makala haya ni kwamba utaratibu huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka, hasa kwenye pwani kama hii, mara nyingi haimo ndani ya kifaa. Imo pale vifaa viwili vinapokutana: kwenye kichwa cha betri, kwenye soketi, kwenye nati inayobana waya wa hasi, kwenye waya uliosokotwa na kufungwa tepu. Kifaa kipya kiwe cha mwisho kununuliwa, baada ya maungio yote kukaguliwa na kupimwa.

Tuanze na mantiki yenyewe. Kifaa cha umeme kilichokufa kwa kawaida hubaki kimekufa. Balbu iliyoungua haiwaki kesho kwa sababu jua limechomoza, na fyuzi iliyokatika haijiungi yenyewe njiani kati ya Paje na Dongwe. Chombo kikigoma, kikakubali, kisha kikagoma tena, kuna kitu kinachobadilika baina ya nyakati hizo, na vitu vinavyobadilika kwenye pikipiki ni vichache: unyevu, joto, mtikisiko, na kiasi cha umeme kinachopita. Vyote vinne vinayaathiri maungio kwa urahisi zaidi kuliko vinavyoathiri kifaa kilichofungwa ndani ya plastiki au utomvu mgumu. Ndiyo maana mtu asiione hitilafu ya namna hii kuwa fumbo zaidi kuliko ile ya kufa moja kwa moja. Kinyume chake, ina habari nyingi zaidi. Dereva anayekumbuka kwamba chombo hugoma asubuhi tu, au baada ya mvua, au anapokata kona kushoto, au baada ya nusu saa ya safari, amekwisha kumpunguzia fundi zaidi ya nusu ya kazi. Tatizo ni kwamba habari hiyo haiulizwi, na isipoulizwa haitolewi.

Kwa nini Bwejuu zaidi kuliko Dodoma au Tabora? Jibu liko baharini. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba mrefu mbele yake, na mawimbi ya Bahari ya Hindi hupasuka juu ya mwamba huo usiku na mchana. Kila povu linapopasuka hurusha matone madogo mno ya maji ya chumvi, na upepo huyaleta nchi kavu. Upepo hapa si haba: kusi huvuma katikati ya mwaka, kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, na wageni wanaocheza na tiara za baharini Paje na Jambiani huja kwa sababu hiyo hiyo. Chumvi inayoanguka hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani ya kisiwa, ndiyo maana pikipiki inayolala mita chache kutoka mchangani huharibika upesi kuliko ndugu yake inayolala Kitogani au Tunguu. Juu ya hayo, wapo wanaopita ufukweni maji yakishakupwa, kwa sababu mchanga mgumu wa bamvua ni njia fupi na tambarare, na gurudumu la mbele humwagia injini maji ya bahari kila linapokanyaga kidimbwi. Wapo pia wanaobeba mwani mbichi. Kilimo hicho kilianza kwenye pwani hii mwaka 1989, na gunia la mwani lililotoka majini hutiririsha chumvi moja kwa moja juu ya betri na relei ya stata, ambazo kwenye pikipiki nyingi ndogo zimewekwa chini ya kiti au nyuma ya bodi la pembeni, hapo hapo mzigo unapofungwa.

Chumvi ina tabia moja inayoeleza kwa nini chombo kinawaka adhuhuri. Huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, lakini chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu zaidi, kiasi cha asilimia 33. Usiku wa Unguja huvuka asilimia 75 mara kwa mara hata nje ya masika. Maana yake ni kwamba pikipiki iliyoegeshwa nje hulowa bila mvua kunyesha. Utando mwembamba wa maji ya chumvi hujitandaza juu ya kofia ya plagi, juu ya waya mnene wa koili, na ndani ya soketi ya CDI, na utando huo hupitisha umeme. Cheche ya plagi huhitaji volti 10,000 na zaidi, na umeme wa nguvu kiasi hicho hutafuta njia rahisi. Ukikuta njia ya maji ya chumvi juu ya kofia iliyopata ufa, hutelemkia huko mpaka kwenye injini, na plagi hubaki bila moto. Jua likipanda, hewa ikakauka na bodi likapata joto, utando hutoweka na chombo huwaka. Fundi aliyepelekewa chombo saa sita mchana anatazama kitu kilichokwisha kauka. Anayetaka kuliona jambo lenyewe afungue bodi la pembeni alfajiri kabla ya mwanga, apige kiki, na atazame koili na kofia ya plagi gizani: penye uvujaji kutaonekana mwanga mdogo wa buluu ukirukaruka. Ambaye hawezi kungoja alfajiri achukue chupa ya kupulizia, anyunyize maji kidogo mahali pamoja tu, ajaribu kuwasha, akaushe, kisha ahamie mahali pengine. Mahali palipozima injini ndipo penye ugonjwa.

Hiyo ni kazi ya kwanza ya chumvi, kupitisha umeme pasipotakiwa. Kazi ya pili ni kinyume chake: kuuzuia pale unapotakiwa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo, na ile dhaifu huliwa. Wanamaji walilijua hilo kabla ya pikipiki kuwapo. Mwaka 1824 mwanakemia wa Uingereza Humphry Davy alionyesha kwamba kipande cha zinki au chuma kikifungwa kwenye mabati ya shaba ya meli, kipande hicho ndicho huliwa na shaba ikasalimika. Mashine za boti hubeba mpaka leo kipande cha namna hiyo, na mwenye boti hujua kwamba kikiisha hubadilishwa. Pikipiki haikupewa kinga hiyo. Mwisho wa waya wa hasi ni shaba iliyopakwa bati, bolti yake ni chuma, na injini inapofungwa ni alumini. Metali hizo zote zinakutana kwenye nukta moja, hazina rangi, na mara nyingi nukta hiyo iko chini, inakorushiwa maji. Baada ya miezi kadhaa alumini hutoa unga mweupe, chuma hutoa kutu, na umeme unaotaka kupita unakuta ukuta mwembamba usioonekana kwa nje kwa sababu nati bado imekaza.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na taa. Mtu husema: betri ni nzima, mbona taa inawaka vizuri na honi inalia? Kanuni ya Georg Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827 na kufundishwa sekondari, inatosha kulijibu swali hilo. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye volti 12 huvuta kama ampia 3. Mota ya stata huvuta makumi ya ampia; tuchukue 50 kwa mfano. Sasa tuweke kutu kidogo kwenye kichwa cha betri, yenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukipima kwa uhakika. Taa itapoteza pale volti 0.3, na hakuna jicho litakalotambua. Stata ikijaribu kuvuta ampia zake 50 itapoteza volti 5, na kwa volti 7 zilizobaki haigeuzi injini. Kutu ni ile ile, taa inasema yote ni heri na stata inasema haiwezekani, na zote mbili zinasema kweli. Taa inayowaka, kwa hiyo, si ushahidi kwamba njia ya stata ni nzima. Ni ushahidi kwamba ampia 3 zinapita.

Kwa sababu hiyo, kupima bila mzigo ni kujidanganya. Waya wenye nyuzi 20 ukibakiwa na uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti chochote. Kifaa bora cha kuanzia ni cha bei ndogo mno: balbu ya breki ya wati 21 iliyofungiwa waya mbili. Balbu hiyo huvuta karibu ampia 2, na uzi mmoja ulio taabani utaifanya ififie mbele ya macho yako. Unaifunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande mwingine unagusisha kwenye njia ya umeme, hatua kwa hatua, kutoka betri kuelekea kifaa. Panapofifia umepita ugonjwa. Mita nayo ina kazi yake, lakini itumike zaidi injini ikifanya kazi au selfu ikiwa imebonyezwa. Betri iliyotulia na kujaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.0 ina njaa. Selfu ikibonyezwa isishuke sana chini ya 10. Injini ikiwaka na kupandishwa mwendo, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.5 na 14.5, zikibaki 12 chaji haifiki, na zikipita 15 reguleta imeharibika na itachemsha betri na kuunguza balbu. Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho cha thamani zaidi hapa pwani, ni hiki: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza selfu. Njia ikiwa safi mita haizidi volti 0.2 au 0.3. Ikipanda mpaka volti nzima, waya wa hasi umekula kutu, na hakuna betri mpya itakayoponya hilo.

Masikio nayo hupima. Selfu ikibonyezwa kukawa kimya kabisa, tatizo liko kwenye njia ndogo inayoamrisha: swichi ya selfu, swichi ya funguo, fyuzi, swichi ya klachi au ya nyutro. Ikisikika tik-tik-tik ya haraka, amri imefika lakini umeme ni haba, ama betri imekwisha ama kichwa chake kimelegea. Tik moja nzito na kisha kimya humwelekeza mtu kwenye relei, nyaya nene au mota yenyewe. Kwa zile pikipiki za gia otomatiki ambazo Unguja tunaziita vespa hata kama hazikutoka Italia, na ambazo hukodishwa kwa wageni kila siku kutoka Paje mpaka Michamvi, kuna jambo moja linalowapotezea watu muda na pesa. Nyingi ya hizo hazikubali selfu mpaka breki imebanwa, na umeme wa selfu hupitia swichi ile ile inayowasha taa ya breki. Swichi hiyo ni kidude cha plastiki chini ya mkono wa breki, kipo wazi kwa mvua na jasho la mikono. Ikishika chumvi, selfu inakuwa kimya, na mwenye chombo ananunua betri. Kabla ya yote abane breki ya kulia, aangalie taa nyuma. Abane ya kushoto, aangalie tena. Upande unaowasha taa utawasha pia selfu, na kidude kibaya husafishwa au hubadilishwa kwa dakika chache. Kiki pia ni kipimo. Pikipiki inayowaka kwa kiki bila taabu na kukataa selfu ina moto wa plagi, kwa hiyo koili na CDI zisiguswe. Kesi iko kwenye betri, nyaya nene na stata.

Mtikisiko una sehemu zake maalumu. Injini ikiwa inanguruma taratibu, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Ikizima au ikikohoa, nyaya zinazopita shingo ya usukani zimekatika ndani ya ngozi yake, maana zinakunjwa na kukunjuliwa kila kona. Tikisa ufunguo bila kuuzungusha. Vuta kila soketi kidogo. Gonga reguleta na CDI kwa mpini wa bisibisi. Lakini mahali pa kuanzia ni pale mkono wa mtu ulipopita baada ya kiwandani: chaja ya simu iliyofungwa kwa ajili ya wageni, alamu ya wizi, taa za rangi, honi kubwa, redio. Kiwanda huunganisha kwa soketi zilizofungwa. Fundi mwenye haraka humenya waya, huusokota na mwenzake na kuuvika tepu. Tepu hulegea kwa joto, chumvi huingia, na shaba huanza kuliwa kutoka pale kuelekea ndani. Ukimenya waya kama huo unaona nyuzi zimekuwa nyeusi, zina unga wa kijani, na zinakatika ukizikunja kwa kidole. Weusi huo unaweza kuingia ndani ya ngozi ya waya mbali na ulipoanzia, kwa hiyo kusokota upya mahali pale pale hakusaidii. Waya ukatwe kurudi nyuma mpaka shaba nyekundu ing'aayo ionekane, ndipo uunganishwe.

Wapo watakaopinga, na mapingamizi yao yana uzito. La kwanza ni kwamba vifaa navyo huharibika kwa kuja na kuondoka. Ni kweli. Koili ya moto, pikapu iliyo karibu na magineti, na CDI yenyewe huweza kukatika ndani zikipata joto na kurudi zikipoa. Lakini ugonjwa huo una sura yake: chombo huwaka vizuri asubuhi, hutembea dakika 20 au 30, kisha huzima, na baada ya kupumzishwa kivulini huwaka tena. Hakijali usukani ukizungushwa, hakijali maji ya kunyunyizwa. Hapo ndipo fundi anapaswa kupima moto wa plagi wakati huo huo kimezima, kwa plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na tundu linalotoa mvuke wa petroli. Plagi isiachwe ikining'inia hewani, kwa kuwa kupiga selfu namna hiyo kwaweza kuiua CDI nzima. Moto ukikosekana, kitambaa kilicholowa maji baridi huwekwa juu ya koili, na moto ukirudi mshitakiwa amepatikana. Mashine ya kukaushia nywele ya saluni hufanya kinyume chake gereji: hupasha kifaa kimoja kimoja moto mpaka kimoja kikate. Ikifika hatua hiyo, nunua kifaa bila wasiwasi. Hoja yangu haisemi vifaa haviharibiki. Inasema visihukumiwe kabla ya kushitakiwa.

Pingamizi la pili ni petroli, nalo halina budi kusikilizwa mapema, kwa kuwa kabureta chafu huigiza hitilafu ya umeme kwa ustadi. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la hewa. Vumbi jeupe la matumbawe na chumvi vikiliziba, petroli haishuki, chombo huzima baada ya kilomita chache na huwaka baada ya kungoja. Wengi hufikiri CDI imepata joto. Kizimapo, fungua kifuniko hapo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa na chombo kikawaka mara moja, umepata jibu bila kutumia hata shilingi. Petroli ya kwenye dumu iliyoingia maji nayo ina mchezo wake, na maji hayo huonekana ukifungua skrubu ya chini ya kabureta na kukinga kinachotoka kwenye chupa nyeupe. Moto wa plagi ukiwapo wakati chombo kimezima, tafuta petroli. Moto usipokuwapo, tafuta umeme. Njia panda hiyo inapaswa kuwa ya kwanza kabisa, na ajabu ni kwamba mara nyingi hairukwi kwa kutojua bali kwa haraka.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Fundi atasema: nimebadilisha CDI kumi, na nyingi zimepona, unaniambiaje nimekosea? Jibu ni kutazama mkono wake ulifanya nini. Ili atoe CDI ya zamani alichomoa soketi yake, na alipotia mpya aliisukuma soketi ndani. Pini zikasuguana, utando wa kutu ukakwanguka, na umeme ukapita. Chombo kikapona, sifa ikaenda kwa kifaa kipya, na baada ya miezi michache kutu inarudi pale pale na lalamiko linarudi nalo. Ndiyo sababu kipimo cha haki ni kurudisha kifaa cha zamani baada ya kusafisha soketi. Chombo kikiwaka na cha zamani, kifaa hakikuwa na kosa. Fundi mwenye uaminifu anaweza kufanya jaribio hilo kwa dakika tano, na mteja ana haki ya kuliomba. Najua fundi naye ana upande wake. Mteja wa hapa hulipa kwa furaha akionyeshwa kifaa kipya ndani ya boksi, na hunung'unika akiambiwa alipie saa mbili za kutafuta waya. Kwa hali hiyo fundi anayefikiri hulala njaa na fundi anayebadilisha hushiba. Lawama hii ni ya wateja kuliko mafundi, na haitaondoka mpaka tukubali kwamba kutafuta ni kazi yenye ujira wake, iwe amebadilisha kitu au hakubadilisha.

Kinga, kwa bahati nzuri, ni rahisi kuliko tiba. Mwenye boti huisuuza mashine yake kwa maji matamu akitoka baharini. Mwenye pikipiki ya Bwejuu na afanye vivyo hivyo, hasa akipita ufukweni au akibeba mwani. Wengine huogopa kumwagia maji chombo chenye umeme. Woga huo ungekuwa na maana kama maji ndiyo adui, lakini adui ni chumvi, na hakuna kinachoitoa isipokuwa maji matamu yanayotiririka taratibu, si ya presha inayosukuma uchafu ndani ya soketi. Angalizo moja la hapa kwetu: visima vingi vya pwani hii vina maji ya chumvichumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza ugonjwa. Yaonje kwanza, tumia ya mfereji yakiwa matamu, au ya mvua. Kisha chombo kikauke juani kabla ya kufunikwa, kwa sababu turubai juu ya chombo kibichi huhifadhi unyevu usiku kucha. Kwenye vichwa vya betri ondoa waya wa hasi kwanza, osha unga mweupe kwa maji ya moto yenye magadi, piga msasa laini mpaka metali ing'ae, kaza, na baada ya kukaza paka vaselini au grisi kwa juu. Fanya hivyo hivyo kwa waya wa hasi pale unapofungwa kwenye injini. Soketi zipuliziwe dawa ya kusafishia umeme, zikaushwe, zitiwe grisi kidogo. Na fyuzi ikikatika isibadilishwe kwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ndogo ya ampia 10 au 15 ndiyo pekee iliyosimama kati ya waya uliopigwa shoti na tangi la petroli lililo juu yake.

Kwa hiyo ukipeleka chombo gereji, nenda na maelezo: saa kilipogoma, hali ya hewa, umbali ulioutembea, sauti uliyoisikia. Lipia upimaji kabla hujalipia kifaa. Fundi akikuambia ukanunue CDI, muulize amepima nini, selfu ikiwa imebonyezwa au la, na mita imesoma volti ngapi. Kama hakupima, usiende mjini bado.